Chumvi ya Paka

Mwenye nyumba wa Njombe hakuulizi kwanza jina lako wala kazi yako. Anakuuliza una watoto wangapi, unapikia nini, na unafuga nini. Watoto huchora kuta, kuni hujaza dari masizi, na mnyama, hata awe mmoja na mdogo, ni uchafu wenye miguu. Ukijibu kwamba huna mtoto, anakutazama upya kuanzia chini. Ukijibu kwamba unapikia mkaa, anavumilia. Ukisema una paka, dalali anaanza kuelekea getini kabla hujamaliza kusema.

Nilizungushwa mji mzima namna hiyo, kwenye ukungu na matope, hadi dalali mwenyewe akanichoka. Akanishauri niseme sina. Paka si ng'ombe, alisema, nani atamwona? Basi nikadanganya, na sioni haya kulisema. Wenye nyumba nao hudanganya kila siku kwamba maji hayakatiki.

Chumba nilichopata kilikuwa mtaa wa Ramadhani, kimoja katika safu ya vyumba vilivyojengwa nyuma ya nyumba kubwa ya mama mwenye nyumba. Bomba lilikuwa moja katikati ya uwanja, choo mwisho wa safu, na ukutani kwangu iliegemea stoo yake ya mahindi na mbegu za viazi. Alikuwa mjane, mrefu, aliyekulia kijiji cha misheni si mbali na mji, na alikuwa na sauti ya mtu anayesoma somo kanisani hata pale anapokutukana. Siku ya kunikabidhi ufunguo alisimama mlangoni akanisomea masharti: mbwa hapana, paka hapana, kuku hapana, anayetaka kufuga akajenge kwake. Alipokuwa anayasema, tetea wake mmoja alipita katikati yetu akaacha kinyesi kwenye kizingiti changu. Nyuma ya choo nguruwe wake walikuwa wanalia njaa. Nilielewa vizuri kabisa: wanyama wanaruhusiwa, mradi wawe wake. Nikainama, nikafuta kizingiti, nikasema sawa, mama.

Paka wangu aliingia siku hiyo hiyo ndani ya tenga la mianzi, amefunikwa nyuzi.

Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule. Nina mashine ya kufumia ya kusukuma kwa mkono, na baridi ya Njombe ndiyo mwajiri wangu. Lakini baridi hiyo hiyo huwasukuma panya ndani ya nyumba, na panya hana kiota anachokipenda kuliko mkono wa sweta la mtoto. Mfumaji asiye na paka anafuma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya shule, mara ya pili kwa ajili ya meno. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nimejiandaa kuitoa siku nikikamatwa. Ilikuwa sababu ya kweli, ila haikuwa ile kubwa.

Kubwa ni kwamba yule paka alikuwa wa mama yangu. Mama alifia kwetu Matamba, wilaya ya Makete, na tulipomaliza kumzika ndugu waligawana vilivyokuwepo: blanketi, sufuria, majembe, hata mlango wa jikoni uling'olewa. Mimi nilikuwa sitaki kitu. Niliingia ndani nikakuta mafiga yamepoa, na juu ya jivu amejikunja paka jike wa rangi ya jivu lenyewe, sikio moja limechanika. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa bado na joto. Nikamnyanyua nimtie tengani. Mama mdogo akanishika mkono.

"Chumvi iko wapi?" aliniuliza.

Kwetu, kama kwa wengi wa nyanda hizi, paka hachukuliwi bure, na hauzwi kwa hela. Anayemtaka hutoa chumvi, mwenye paka huipokea kwa mikono miwili, na akishaipikia basi imekwisha, hakuna wa kudai. Ukimchukua bila chumvi, wazee wanasema, atarudi alikotoka, au atakaa kwako akitazama panya wanavyopita. Nilitembea mpaka dukani nikanunua pakiti moja. Mama mdogo akapiga goti kidogo, akapokea, akasema, "Umetoa, nimepokea. Sasa ni wako. Hata mama yako alimtolea chumvi kwa jirani." Jioni ile tulikula maharage yaliyoungwa kwa chumvi hiyo, na kesho yake nikaondoka Makete na urithi wangu ukilia tengani.

Huyo ndiye niliyeambiwa hapana.

Nilimficha kwa muda ambao hata mimi ulinishangaza. Haja yake alikuwa anaifanyia kwenye karai la majivu ya mkaa, nami nikayatoa alfajiri pamoja na taka. Dagaa wake niliwachemsha wakati majirani wanakaanga vitunguu. Akilia, nilisukuma mashine kwa nguvu ili kelele zimfunike, na nina hakika yapo masweta ya shule fulani yaliyofumwa haraka kuliko mengine kwa sababu hiyo.

Siri ilifichuka Jumamosi moja, jumuiya ya Kikatoliki ilipokuja kusali nyumba kubwa. Mimi ni Mlutheri, sikuwa nimealikwa. Paka hakujua tofauti. Nilikuwa nimekwenda bombani na mlango nimeuegesha tu, akatoka, akakatiza uwanja, akapanda ngazi, akapita katikati ya viatu vilivyoachwa kibarazani na kuingia sebuleni. Nilisikia litania ikiendelea vizuri, "utuombee, utuombee," halafu ikakatika, halafu mtu akacheka. Paka alikuwa amekwenda kukaa juu ya miguu ya mama mwenye nyumba.

Wageni walipoondoka alikuja kwangu, kitabu cha sala bado mkononi. Hakupandisha sauti. Aliniambia paka aondoke kabla ya mwisho wa mwezi, na akibaki tutaondoka wote wawili. Nikasema sawa, mama, kama nilivyosema mara ya kwanza, na kwa moyo ule ule.

Hapo vita ikaanza. Siku niliyohitaji maji ya kuoshea nyuzi, bomba lilifungwa kwa kufuli. Siku niliyoanika masweta, kamba ilikuwa imejaa mashuka yake meupe toka asubuhi. Kisha yakaja maneno. Yaliletwa na mpangaji mwenzangu, dada mmoja muuza mitumba, aliyekuwa anapenda kuleta habari mbaya kwa sura ya huruma. Alisema mama mwenye nyumba amewaambia wanajumuiya kwamba mwanamke asiye na mtoto, anayelala na paka aliyetoka kwa marehemu, si mtu wa kuishi naye ukuta kwa ukuta. Nilimshukuru dada, ambaye ndiye pekee niliyekuwa nimemsimulia habari za marehemu, kwa taarifa, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na paka mapajani. Nilimchukia yule mama. Naandika neno hilo nikiwa nimetulia, chai iko mezani, sina homa wala hasira. Nilimchukia.

Nami nilikuwa na silaha yangu moja, nikaitumia. Niliacha kumsalimia. Kwa watu wa nyanda hizi, kumpita mkubwa asubuhi bila kamwene ni sawa na kumrushia jiwe. Nilimpita na ndoo yangu, macho mbele, mdomo nimeufunga. Alisimama kibarazani akisubiri, na mimi nilijua anasubiri.

Mwisho wa mwezi ulipofika alitafuta njia fupi. Alisimama katikati ya uwanja akatangaza, kwa sauti ile ya somo, kwamba panya wamezidi stoo na ameweka sumu, hivyo anayependa paka wake amfungie. Alisema "paka wake" akiwa ananitazama. Nikamfungia paka, nikaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Alikaa dirishani siku nzima akitazama nje kama mfungwa.

Sumu haikuliwa na panya. Iliokotwa na tetea, yule yule wa kizingiti changu, akafa pembeni ya bomba miguu juu. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, dirisha wazi, makusudi, ili asikie.

Baada ya kuku, mama mwenye nyumba aliiondoa sumu, na panya wakaona wamepewa ruhusa. Ilikuwa inakaribia majira ya kupanda. Siku moja nilimwona akifungua magunia ya mbegu za viazi uwanjani na kugeuza kiazi kimoja kimoja, na karibu kila alichokigeuza kilikuwa kimetafunwa upande wenye macho ya kuchipua. Alikaa chini juu ya gunia tupu. Hakuniomba kitu, mtu kama yule heri ale mbegu zenyewe kuliko kuomba. Alichofanya ni kuacha mlango wa stoo bila komeo, akaingia ndani kwake.

Paka akaingia stoo. Asubuhi iliyofuata panya walikuwa wamelazwa mstari mmoja, wakubwa mbele, na kwa ujinga wake paka alikuwa amewalaza mlangoni kwa mama mwenye nyumba badala ya mlangoni kwangu. Nilimwona mama akitoka, akitazama chini, akisimama. Habari ya mwisho wa mwezi haikutajwa tena, kufuli likatoka bombani, na baada ya siku kadhaa nikaona kisahani kilichovunjika ukingo pembeni ya stoo, kina dagaa. Niliamini ameona haya. Ndivyo mtu mwenye njaa ya amani anavyojidanganya: anaona kisahani, anadhani ni toba.

Ndipo ikaja chumvi.

Ilikuwa mchana wa mvua ile nyembamba isiyokatika. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage, na dada muuza mitumba alikuwa anafua chini ya paa la bomba. Mama mwenye nyumba alikuja chini ya mwavuli na pakiti ya chumvi mkononi. Alisema alikwenda dukani akajikuta amenunua mbili, na nyumba ya mtu mmoja haiwezi kumaliza chumvi yote hiyo.

Nilishtuka kwa furaha. Nilisimama, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikapokea kwa mikono miwili. Na kwa mara ya kwanza tangu litania nikamwambia, "Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu," alijibu. Kisha akaniuliza, "Umepokea?"

"Nimepokea, mama. Asante sana."

Akatikisa kichwa, akarudi kwake na mwavuli wake. Jioni ile ile nikaifungua pakiti nikaungia maharage.

Mara nyingi nimejiuliza ilikuwaje. Nilifundishwa mila ile na mama yangu, na niliitekeleza kwa mikono yangu mwenyewe Matamba, mama mdogo akiwa ananitazama. Lakini niliijua kama njia ya kuchukua. Haikunijia kabisa kwamba siku moja mtu angenitolea mimi. Mwenye nyumba kukupa kitu ni jambo geni kiasi kwamba akili yote iliishia kwenye mshangao, haikufika kwenye chumvi.

Tukaishi vizuri. Ninalisema hilo kwa uchungu, kwa sababu ilikuwa kweli. Tulisalimiana. Paka alilala kwangu, akafanya kazi kwake, na siku za baridi kali nilimkuta amelala kibarazani kwenye nyumba kubwa bila kufukuzwa. Kisha mteja mmoja akanipa habari ya kibanda Makambako, karibu na soko, mahali ambapo barabara zote zinakutana na upepo haupumziki. Palikuwa na shule nyingi na wafumaji wachache. Mwenye nyumba wa huko alikuwa mzee mstaafu wa reli, na nilipomuuliza kuhusu paka alicheka mpaka akakohoa. "Fuga hata punda," aliniambia. "Mimi nataka kodi tu." Nikaona nimefika mbinguni.

Nilimpa mama mwenye nyumba taarifa mapema, kwa adabu zote. Alinitakia heri, akanisifu kwamba nimekuwa mpangaji msafi. Nilipaswa kuogopa hapo.

Siku ya kuhama nilikodi kirikuu. Dereva alipakia mashine, kitanda, magunia ya nyuzi. Nikamtia paka kwenye tenga lile lile la mianzi nikalibeba mwenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama getini, kitenge amekifunga vizuri.

"Chukua vyako vyote," alisema. "Hilo tenga liache."

Nilidhani anataka tenga. Nikamwambia tenga ni langu, nimekuja nalo. Akasema tenga naweza kulichukua, anachotaka ni kilichomo. Nilipobisha, hakuinua sauti, hakunigusa. Alifunga geti, akamtuma mtu kumwita mwenyekiti wa mtaa, akarudi kusimama pale pale. Dereva akazima gari. Wapangaji wakatoka vyumbani mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ana shughuli bombani.

Mwenyekiti alikuja na mabuti ya mvua, ametoka kwenye viazi vyake. Alimsikiliza kwanza mwenye nyumba, maana ndio utaratibu wa dunia. Mama alieleza kwa kifupi: nilikuja na paka bila ruhusa, akamvumilia, baadaye akamtolea chumvi mbele ya shahidi, nikapokea, nikaila. Akamwonyesha dada muuza mitumba. Dada akasema ni kweli, alinisikia nikijibu "nimepokea," na akasema kwa ile sura yake ya huruma.

Hapo ndipo nilipoielewa pakiti ile, mwavuli ule, na lile swali. Nilisema kwamba sikuuza, sikuambiwa ni ya paka, nilidhani ni ujirani.

Mwenyekiti alinitazama bila ubaya. "Dada, kwenu ni wapi?"

"Matamba."

"Huko Matamba paka anatolewa kwa kitu gani?"

Dereva alinikonyeza niseme kwa hela. Ilikuwa rahisi. Uongo wa neno moja, na mimi si mgeni wa uongo; chumba kile chenyewe nilikipata kwa uongo. Lakini niliwaza mbali kidogo, na mawazo yale ndiyo yaliyonimaliza. Nikisema chumvi ya mama huyu si kitu, basi na yangu niliyompa mama mdogo haikuwa kitu, na ya mama yangu kwa jirani haikuwa kitu. Paka angekuwa mnyama niliyemwokota tu kwenye jivu la nyumba iliyobomolewa. Chumvi ndiyo iliyomfanya kuwa wa mama, na ndiyo iliyomfanya kuwa wangu. Nilikuwa sina kingine cha kushika.

"Kwa chumvi," nilisema.

"Na hii uliipikia?"

"Niliipikia."

"Basi, dada," alisema mwenyekiti, akajipangusa matope mikononi. Mtu mmoja bombani aliuliza kama maharage yalikolea, na watu wakacheka. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alikuja, akafungua tenga, akaingiza mikono yote miwili. Nilimwomba Mungu paka amparue. Nilimwomba kwa moyo wote, kuliko nilivyomwomba kitu kingine mwaka ule. Hakumparua. Aliweka kichwa kwenye bega lake kama mtoto anayerudishwa nyumbani amesinzia.

Nikapanda gari na tenga tupu mapajani. Njia nzima dereva alinilaumu kwa kusema kweli.

Makambako ni mahali pazuri kwa mfumaji. Upepo unauza masweta kuliko tangazo lolote. Mzee wa reli alitimiza neno lake. Kwenye nyumba yake kuna mbwa, sungura, njiwa, na mbuzi mmoja anayekula nguo kwenye kamba, na hakuna anayemuuliza mtu. Siku nilipofika aliniuliza paka yuko wapi. Nikamwambia nimemwacha. Akasema pole, paka wapo wengi, na keshoye akaniletea kitoto cha paka mkononi, cheusi, macho hayajafunguka vizuri. Nilimkatalia kwa ukali usiomstahili. Panya wakanikaribisha kwa heshima zote. Nilifuma mara mbili, nikafuma mara tatu.

Nilivumilia mpaka masika yakaisha, kisha Jumapili moja nikanunua pakiti ya chumvi nikapanda basi kurudi Njombe. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitapiga goti, nitatoa, atapokea, na kama mila inafanya kazi kwake basi na kwangu ifanye.

Getini palikuwa pameandikwa upya kwa rangi nyekundu: VYUMBA VINAPANGISHWA. MIFUGO HAIRUHUSIWI. Nikabisha hodi kwenye nyumba kubwa. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kukaribishwa sebuleni, kodi nililipia kibarazani. Safari hii akaniita niingie. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, makochi yamevalishwa vitambaa vyeupe, na kochi moja halikuwa na kitambaa. Juu yake alikuwa amelala paka wa mama yangu, amenenepa, manyoya yanang'aa. Chini yake palikuwa pametandikwa mkono wa sweta la shule, mmoja wa ile iliyotafunwa niliyokuwa nimeitupa.

Nilimwita kama mama alivyokuwa anamwita, kwa kupiga ulimi. Alifungua macho, akanitazama, akageuza lile sikio lililochanika upande wangu. Kisha akayafunga.

Nikapiga goti, nikanyoosha pakiti kwa mikono miwili. "Mama, nimekuja kwa adabu. Ninatoa."

Mama mwenye nyumba aliitazama chumvi. Polepole akaingiza mikono yake ndani ya kitenge, mmoja, halafu mwingine, akaifumbata humo humo ili isipokee.

"Chumvi ninayo," alisema.

"Ulinichukulia kwa ujanja."

"Nawe uliingia kwangu kwa uongo," alisema. "Mwanangu, wapangaji huja wakahama. Hata niliowazaa mwenyewe wamehama, wananipigia simu Krismasi. Huyu hahami. Simama, unywe chai."

Nafahamu palikuwa mahali pa kumwonea huruma. Mwandishi mwema angemwonea. Nilitafuta huruma ndani yangu nikiwa bado nimepiga goti, nikakuta hakuna, nikasimama bila kunywa chai. Nilipofika mlangoni nilisikia ananiaga kwa heshima zote. Sikumjibu.

Pakiti ile nilirudi nayo Makambako. Iko juu ya kabati, sijaifungua. Ninapopika natumia nyingine. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima sana sasa, nasikia anatembelea fimbo, na paka yule alikuwa bado mchanga mama yangu alipomtolea chumvi, kwa hiyo ana miaka mbele yake. Siku nikipata habari ya msiba kule Ramadhani nitavaa vizuri, nitapanda basi la kwanza, na nitakwenda kuwapa pole wafiwa. Nitamtafuta yule mtoto wake aliyefika kutoka mbali, asiyejua mila, mwenye uchovu wa safari. Nitapiga goti na kumkabidhi chumvi ya kupikia msibani, kwa mikono miwili, na nitamuuliza taratibu, kwa sauti ya kusoma somo, kama amepokea.